Mwaka Ambao Bheki Alininyanyua

Waliponiita mbele nishike mpini wa jeneza la Bheki, nilisema bega linaniuma. Bega langu halina kitu. Ni bega la mtu wa miaka arobaini na ushee anayefundisha uhasibu Nakuru, na mzigo mzito kuliko yote anaoubeba ni mkoba wa madaftari. Lakini nilisema linaniuma, tena nikalishika ili waamini, na Sanele, mwenzetu wa zamani wa raga, aliyekuwa amesimama upande wa pili akinisubiri, akanitazama kidogo kisha akamwita binamu wa marehemu achukue mahali pangu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Cato Manor, Durban, nje ya kanisa lenye hema la kijani. Nilikuwa nimetoka Kenya siku mbili kabla, kwa ajili ya mazishi hayo tu. Mtu anayesafiri umbali ule kumzika rafiki halafu anakataa kumbeba, ana jambo. Langu nimeishi nalo tangu mwaka 2008, na mpaka asubuhi ile niliamini kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayelijua ila kocha mmoja mzee ambaye naye ameshakufa.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha biashara, ghorofa mbili juu ya duka la vitambaa pale Overport. Siku hizi hakipo. Nilipita kabla ya mazishi nikakuta wanauza magodoro. Wanafunzi tulikuwa wachache kiasi kwamba timu ya raga ilimchukua kila mwenye miguu miwili. Kocha Naidoo, aliyetufundisha uhasibu asubuhi na raga alasiri, aliponiona siku ya usajili hakuniuliza jina, aliniuliza kimo. Nilikuwa mrefu na mkondefu, na nilikuwa nimecheza kidogo sekondari, basi nikapewa kazi ya kuruka. Kwa asiyeijua raga nieleze: mpira ukitoka nje, timu mbili hupanga mistari miwili sambamba, kisha mtu mmoja anaurusha mpira juu katikati yao. Ili uupate kabla ya wapinzani, wenzako wawili wanakunyanyua. Mmoja anakushika kwa mbele, juu kidogo ya magoti, mwingine kwa nyuma, chini ya makalio, na kwa sekunde mbili tatu unakuwa hewani, magoti yako usawa wa nyuso zao, mikono yote juu, huna cha kushikilia isipokuwa mpira wenyewe. Wakikuachia, unashuka kwa mgongo, au kwa shingo. Mbele yangu alisimama Sanele, mcheshi asiyefunga mdomo. Nyuma yangu, mahali ambapo sikuweza kumwona, alisimama Bheki.

Bheki alikuwa na mabega ya mtu aliyezaliwa kusukuma magari, sauti ya chini, na sura ambayo haikucheka hata pale yeye mwenyewe alipokuwa anatania. Alikuwa mtoto wa Cato Manor, lakini chuo kilikuwa na vyumba vinne nyuma ya uwanja kwa ajili ya wachezaji, naye aliishi kimoja, kwa sababu nyumbani kwa mjomba wake, alisema, mtu hawezi kusoma. Kila mara kabla ya kuninyanyua alinigonga kiwiko kwa vidole viwili. “Viwiko, Kenya. Funga viwiko.” Ukikunja mikono hewani, mpira unakuponyoka. Tulizungumza Kiingereza, wao wakikichanganya na Kizulu, na tangu wiki ya kwanza hakuna aliyejishughulisha na jina langu. Nilikuwa Kenya. Waliniita hivyo uwanjani, darasani, na barabarani kwa sauti ya kuvuka barabara, nami nililipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa nalo.

Baada ya mazoezi tulirudi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ambacho kwa kweli kilikuwa stoo ya viti vibovu, kinanuka dawa ya misuli na soksi mbichi. Tuliketi sakafuni watatu na kugawana bani moja: mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharagwe wenye pilipili ya kutoa machozi. Kile kipande cha ndani kilichochimbwa, ambacho ndicho kitamu kwa kuwa unakichovya mwanzo mchuzi ukiwa bado moto, Bheki alinipa mimi. Sanele alilalamika kila siku. “Anayepanda juu,” Bheki alimjibu siku moja, “lazima ale kitu kizito, la sivyo harudi.” Machi na Aprili tulishinda mechi tatu mfululizo dhidi ya vyuo vilivyotuzidi kila kitu. Nikikumbuka sasa, nadhani sijawahi kumwamini mtu kama nilivyoiamini mikono ile minne, na ninalisema hili nikiwa mume wa mtu na baba wa watoto.

Kisha ukaja mwezi wa Mei. Habari za wageni kupigwa na kuchomewa nyumba zilianza Johannesburg, kwenye televisheni ya Mama Chantal, na sisi tulikula tukitazama kana kwamba ni nchi nyingine. Mama Chantal alikuwa Mrundi, mama wa kanisa, msusi wa nywele mbele ya maduka ya Overport, na nilipanga chumba nyuma ya nyumba yake. Jikoni kwake ndipo Waswahili wa aina zote tulipokutana, wa Bujumbura, wa Bukavu na sisi wa Kenya, kila mmoja akimcheka mwenzake anavyosema. Wiki ile hakuna aliyecheka. Siku moja nilikuta kiti chake cha kusukia kimeegemezwa ukutani jikoni, na yeye anakata mchicha bila kutazama kisu. “Mwanangu, leo usipite kwa robot,” aliniambia, yaani kwenye taa za barabarani, kama wanavyoziita kule. “Iko watu banasimama pale. Banakushika kiwiko hivi, banauliza, hii kwa Kizulu inaitwa namna gani? Kama haujue, c'est fini, imeisha.” Nilimwuliza nani kamwambia. “Balimuuliza mwanaume wa rafiki yangu wa kanisa. Iko hospitali.” Akafunika sufuria, akasema tusali, tukasali tukiwa tumesimama, na wali ukaungua.

Uoga, nimejifunza, hauingii mara moja. Kwanza nilianza kutembea nikiwa nimefunga mdomo, kwa sababu hata kusalimia kungenifichua. Kisha nikaanza kuchukia jina langu. Siku Sanele aliponiita “Kenya!” kutoka ng'ambo ya barabara, mbele ya wanaume waliokuwa wameketi nje ya duka la pombe, niliongeza mwendo kama sikumsikia. Niliwaomba pale stoo, kwa aibu, kwamba tukiwa nje ya uwanja wasiniite hivyo. Wachezaji walicheka. Bheki hakucheka. “Basi nje wewe ni Mandla,” alisema, akinipa jina la Kizulu. “Ukiulizwa, ni Mandla. Sharp?” Nilisema sharp, yaani sawa, nikainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Kichwani mwangu nilisikia dhihaka. Niliona kwamba sasa hata jina langu analigawa yeye.

Siku mbili baadaye niliwasikia. Nilikuwa nje ya mlango wa stoo, nimerudi kuchukua taulo, na Bheki alikuwa ndani anamwambia Sanele kwa ule mchanganyiko wao: “Mjomba alikuwa nao. Walipita nyumba kwa nyumba.” Sanele akaguna, “Eish.” Ningetoa chochote kujua ile sauti ya Bheki ilikuwa ya nini. Haikupanda wala haikushuka. Ilikuwa sauti ile ile ya “funga viwiko”. Ningeweza kuingia, nikachukua taulo langu na kumtazama usoni. Badala yake niliufyata, nikaenda nyumbani nimelowa jasho, na jioni nzima nikiwa mezani kwa Mama Chantal nilimsikia yule mjomba, ambaye sikuwahi kumwona, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine akija upande wangu.

Jumatatu yake, kwenye mazoezi, Bheki alinigonga kiwiko kama kawaida, lakini hakusema funga. Alikishika, akakibana. “Yini le?” Hii ni nini? Nilimtazama tu. “Kwa Kizulu, hii ni nini?” Aliponiona siongei alisema mwenyewe, polepole, “Indololwane. Sema.” Nikasema. Akaniambia nimeisema vibaya, nirudie. Kesho yake akaniuliza tena, mbele ya wenzake, na keshokutwa tena, bila tabasamu, na kila nilipokosea alinirudisha mwanzo huku akiwa bado amenibana. Leo hii jambo hili lina maana moja tu, hata mtoto ataiona. Mwaka ule, nikiwa na maneno ya Mama Chantal masikioni, na yule mjomba, na mikono ya Bheki ikishika mapaja yangu kila alasiri, lilikuwa na maana nyingine kabisa. Nilijua kwa uhakika wote wa mtu mwenye hofu kwamba ananipima, na kwamba majibu yangu yanapelekwa Cato Manor.

Nikashindwa kuruka. Mwili ulikataa. Mrushaji alipiga kelele ya ishara, Sanele akanishika, na nilipohisi vile viganja vya nyuma, niligandisha miguu badala ya kuruka, nikapanda nusu, mpira ukapita juu ya vidole vyangu. Jumamosi hiyo tulipoteza mpira kila uliporushwa upande wetu, tukafungwa na timu ambayo hata jezi zake hazikufanana. “Umekuwa mzito,” Bheki aliniambia tulipokuwa tunatoka uwanjani. “Mtu akiogopa anakuwa mzito. Unaogopa nini?” Nilimwambia nina malaria. Akaninunulia bani, akanipa kile kipande cha ndani, nami nikakitupa kwenye pipa alipogeuka, kwa sababu nilishafika mahali pa kudhani kwamba kinaweza kuwa na kitu.

Siku iliyofuata ya masomo nilipiga moyo konde, nikaenda ofisini kwa Kocha Naidoo. Kilikuwa chumba chembamba chenye feni iliyogonga kitu kila ilipozunguka, na kikombe kimoja cha ushindi kilichojaa kalamu. Nilimwambia siwezi tena kunyanyuliwa na Bheki. Aliniuliza kwa nini. Nikasema ananitisha. Alivua miwani. “Alikwambia nini hasa?” Hapo ndipo pangekuwa mahali pa ukweli: kwamba hakuniambia kitu, kwamba ananibana kiwiko na kunifundisha neno. Nilipolijaribu kimyakimya lilionekana jambo dogo, jambo la mtoto, na niliona kocha atacheka, kisha atamwita Bheki, na kisha nitabaki na Bheki anayejua kwamba nimemshtaki. Nikasema, “Alisema watakuja kunichukua. Alisema anajua ninapoishi.” Feni ikagonga mara kadhaa. “Una uhakika?” Nikasema nina uhakika. Nikamwomba asitaje jina langu, naye akasema hatalitaja. Nilitoka nikiwa mwepesi, hilo silifichi. Nilishuka ngazi mbili mbili.

Bheki alitolewa kwenye timu siku hiyo hiyo, na kwa kuwa vyumba vile vinne vilikuwa vya wachezaji, kufikia Ijumaa alikuwa amefungasha vitu vyake kwenye mifuko miwili ya plastiki. Aliwaambia wenzake kwamba amechoka na raga, magoti yanamsumbua. Alirudi kwa mjomba, kule ambako mtu hawezi kusoma. Alikuja darasani Juni nzima, na Julai akaja siku moja moja, na Agosti hakuja. Maisha yake yote yaliyobaki alinyoosha bodi za magari kwenye gereji ya mtu, na huko chini ya gari ndiko moyo wake uliposimama. Wengine wetu tulimaliza, tukapata vyeti. Changu ndicho kilichonipa kazi ninayoifanya hadi leo.

Kufikia katikati ya Juni mambo ya mitaani yalikuwa yametulia kiasi kwamba Mama Chantal alirudisha kiti chake mbele ya maduka. Ilikuwa saa kumi hivi za alasiri, jua bado lipo, natoka uwanjani na begi langu, na pale kwenye robot wanaume wawili wakajitenga na ukuta wakaja upande wangu. Mmoja alisimama mbele. Mwingine, nikamhisi, akasimama nyuma. “Ngubani igama lakho, bhuti?” Jina lako nani, kaka. Sauti yangu ilisema Mandla kabla sijaiambia. Yule wa mbele akaushika mkono wangu, si kwa ukali, akaugeuza, akagusa kiwiko. Nikasema, “Indololwane,” jinsi nilivyorudishwa mara ishirini, na ile “lolwa” ya katikati, sijui ningesema nini kama si yeye, ilitoka safi kama ya mtu wa Cato Manor. Akaniachia. “Sharp,” alisema, na taa zikabadilika, wakavuka. Mimi sikuvuka. Nilikaa chini pale pale ukingoni mwa barabara, begi mapajani, magari yakipita, na hofu ya wale watu ilipoanza kunitoka, ile nyingine ikaingia mahali pake. Nilielewa yote kwa mkupuo: jina, neno, uso usiocheka, mjomba aliyekuwa nao. Alikuwa anajua kutoka kwa mjomba huyo kinachotokea mtu akikosea, na alikuwa anahakikisha sikosei.

Mara tatu nilipanda zile ngazi hadi mlango wa Kocha Naidoo. Mara tatu nilisikia feni ikigonga, nikashuka. Nilijiambia kwamba nikikiri nitafukuzwa chuo na kurudishwa nyumbani, na hilo huenda lilikuwa kweli. Lakini kilichonizuia hasa kilikuwa mazoezi ya kila alasiri. Niliwatazama Sanele na yule kijana aliyechukua mahali pa Bheki, mikono yao ikinijia, nikafikiri: hawa wakijua. Sasa nilinyanyuliwa vizuri. Tulishinda tena. Kila nilipokuwa juu nilitazama chini kwenye utosi wa Sanele na kuomba asijue leo, asijue mpaka nishuke.

Mechi ya mwisho ilikuwa mwishoni mwa Agosti, ya nusu fainali, uwanja wa wenyeji wetu kule Westville, wazazi wakiwa wameegesha magari chini ya miti na kufungua vikapu vya chakula. Dakika za mwisho, tukiwa nyuma kwa pointi chache, mpira ulitoka karibu na mstari wao. Nilipanga miguu. Ndipo nilipomwona Bheki, nje ya wavu, na ovaroli ya gereji, peke yake, vidole vimeshika wavu. Sikuwa nimemwona kwa wiki kadhaa. Nilidhani amekuja kunisema mbele ya watu wote. Badala yake alikusanya mikono mdomoni akapaza ile sauti yake ya chini ambayo sikujua inaweza kufika mbali. “Viwiko, Kenya! Viwiko!” Nikapanda, nikafunga viwiko, nikaukamata. Hatukufunga, tulipoteza mechi, na nilipotoka kwenye kundi la watu hakuwepo tena pale wavuni. Miaka yote hii nimejifariji kwa sauti ile. Nilijiambia: asingeniita vile kama angejua. Kwa hiyo hajui, na kwa hiyo angalau kitu kimoja hakikumwumiza.

Baada ya makaburini tulirudi nyumbani kwa marehemu. Getini palikuwa na beseni la maji, kila mtu ananawa kabla ya kuingia. Sanele na mimi tuliinama pamoja. Maji yake yaligeuka rangi ya udongo, kwa sababu alikuwa ameshika koleo pamoja na wanaume wengine, na mikono yangu ilikuwa safi kama nilivyotoka nayo hotelini. Tukapewa sahani, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nyama, saladi ya biti, tukaketi kwenye viti vya plastiki kando ya ukuta. Amekuwa mtu mzima, Sanele, ana kitambi, na ule utani wote umempungua.

“Bega vipi?” aliniuliza.

“Linapata nafuu.”

“Bega lako halina kitu, mfowethu.” Alisema bila ukali, akiendelea kula. “Alijua.”

Nilimwuliza nani, ingawa mkono wangu ulikuwa umeshasimama na kijiko.

“Bheki. Alijua siku ile ile. Kocha hakutaja jina, lakini alimrudia maneno yako, moja moja, akamwuliza kama ni kweli. Bheki akamwambia yule mtoto anaogopa, mwache. Kocha akasema hawezi kuacha. Mimi nimelijua hilo juzi juzi tu, tulipokuwa tunazeeka, siku moja tunakunywa. Nilikasirika, sikufichi. Nikamwuliza, sasa wewe mbona ulituambia ni magoti?”

“Akasemaje?”

Sanele aliweka sahani chini, kati ya miguu yake, akaitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyokuwa inanishika juu ya magoti.

“Akasema, ‘Ningewaambia, mngemwangusha.’” Akainua macho. “Na kweli, Kenya. Tungekuangusha.”

Ndani ya nyumba wanawake walianza wimbo, na watu wa kwenye hema wakaudaka. Nilikuwa nimekataa kumbeba kwa sababu niliona ni aibu kumshika mtu ambaye hajui nilichomtendea. Kumbe alijua, na alikuja hadi Westville na ovaroli yake. Nilisimama, nikamwambia Sanele nataka kurudi kaburini nikaweke angalau koleo moja la udongo, naye akaniambia wameshamaliza, walishafukia.